Ulimi Ulioolewa

Mbeya, Alhamisi, kipupwe. Majani ya uani yaliamka meupe kwa umande ulioganda, na mlima Loleza ulijificha hadi jua lilipopanda. Nimejifunga blanketi mbili kama mgonjwa, ingawa siumwi. Akili imetulia. Nina jambo la kuandika, na nitaliandika kwa mpangilio wake, maana nikilianzia mwishoni, mwakani sitalielewa hata mimi mwenyewe.

Leo Tusekile amesoma mbele ya wakubwa.

Nianze na darasa. Mwanangu ni karani wa posta hapa Mbeya, nami nilikuja kuishi kwake kutoka Iringa baada ya kuacha kufundisha na kufiwa na mume wangu. Mwanamke aliyefundisha maisha yake yote hajui kukaa. Nilikuwa nikisahihisha kila kitu humu ndani, hata namna ya kupanga kuni, na nadhani mke wa mwanangu alifurahi kuliko mtu yeyote siku mchungaji alipokuja kuniuliza kama ningeweza kufundisha kusoma jela, upande wa wanawake. Nilikubali kabla hajamaliza chai yake. Mkwe wangu alinitafutia viatu.

Wafungwa wa upande ule si wengi, na karibu wote ni vijana. Wengine wameingia kwa kupika pombe ya moshi, wengine kwa wizi, wengine kwa kupigana. Kabla sijaingia nilidhani nitakuta nyuso za kutisha. Nilikuta wasichana. Mmoja wao alikuwa akilia kwa sababu kuku wa jela amekufa.

Sasa nieleze njia yangu ya kufundisha, kwa sababu jambo lote la leo limetoka humo. Nilisomeshwa na wamisionari Wajerumani kwetu Ubena nikiwa mtoto, na njia yao ndiyo nimeishika mpaka leo. Mwalimu hutamka, darasa huitikia, kisha mmoja mmoja husimama akatamka peke yake. Asiyetamka hajasoma. Mdomo ndio ushahidi. Nimewasomesha hivyo wasichana wengi, wakatoka wakiwa wake wa wachungaji, wakunga na walimu, na sikuwahi kuona sababu ya kuibadili.

Jela njia hiyo ilinifaa hata zaidi, kwa kuwa mikono ya wanafunzi wangu haina nafasi. Saa niliyopewa ndiyo saa yao ya kuchagua maharage ya jikoni. Wanakaa chini na nyungo magotini, wanatoa mawe na maharage yaliyooza, na macho yao yanapanda ubaoni na kushuka. Huwezi kujua nani anatazama nini. Kwa hiyo nilisikiliza tu. Sauti zao ndizo zilizonijulisha nani amefika wapi, kama mama anavyojua jikoni kuna nini bila kutoka kitandani.

Wawili niwataje.

Zaina ni Msangu wa Rujewa, mweusi, mwembamba, mwenye maneno. Alikamatwa na chupa za moshi ndani ya gunia la mpunga. Anasema yule askari hakuwa na akili ya kuzitafuta chupa zile, ni yeye mwenyewe aliyemwambia, "Afande, angalia usikalie hilo gunia, litakulewesha." Kusoma kunamwia vigumu, lakini hakati tamaa. Siku niliyoandika neno mpunga ubaoni alilitazama kwa muda, kisha akaniambia, "Bibi Mwalimu, mimi huu nimeupanda, nimeuvuna, nimelala juu yake. Sikujua kama una sura hii."

Tusekile ni Mnyakyusa wa kule bondeni, chini ya Tukuyu. Ni mnene kidogo, mtulivu, mwenye mikono ya mtu aliyelima tangu utotoni. Alimvunja mumewe mkono. Ukimsikia Zaina akisimulia utadhani ilikuwa vita, lakini Tusekile mwenyewe aliniambia kwa ufupi sana. Alikuwa anatwanga alipopigwa, na mchi ulikuwa tayari mkononi.

Huyu Tusekile alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote. Alizijua herufi haraka, kama mtu anayekumbushwa. Isipokuwa mahali pamoja.

Kila mwalimu wa kusoma anajua kuwa konsonanti zinapokutana huwasumbua wanafunzi: mba, nda, nga, mpu, na wenzao. Nilipofika hapo nilitegemea wote wasumbuke, na wote walisumbuka, halafu wakavuka. Tusekile alisoma nda, akasoma nga, akasoma hata nywa. Kwenye mba alinyamaza.

Nikamwandikia mstari mzima: mba, mbe, mbi, mbo, mbu. Akasimama, akautazama, akaanza na mbe.

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Nilifikiri amepitiwa, nikamwambia aanze upya. Akaanza tena na mbe. Siku iliyofuata nikambana kwa sentensi fupi, "Baba anajenga nyumba." Akasoma bila kusita, "Baba anajenga makao." Nikasikitika sana, kwa sababu kosa hilo nalijua. Ni kosa la mwanafunzi anayetazama picha kitabuni na kubuni badala ya kusoma. Nikajiambia kuwa binti huyu amenidanganya kwa kumbukumbu nzuri, kumbe hasomi.

Nikaamua kumtibu kama walimu tunavyotibu, yaani kwa kurudia. Kila siku, kabla ya somo, nilimsimamisha nikamtaka atamke silabi ile moja. Kila siku alisimama na ungo wake kiunoni, akatazama ubao, akafunga mdomo. Sikumkaripia. Mimi sikaripii. Nilimsubiri, na subira yangu, naona leo, ilikuwa nzito kuliko fimbo.

Ni katika siku hizo Zaina aliinua kichwa kutoka kwenye maharage akasema, "Mwache, Bibi. Ulimi wa huyu umeolewa."

Wote wakacheka tena, hata Tusekile alitabasamu kidogo. Nilidhani ni maneno ya kihuni ya jela. Nikamwambia Zaina atazame mawe yake.

Hapo ndipo habari ya hospitali ilipokuja. Bwana Jela, Mzungu mkuu wa pale, alinijulisha kuwa Sista wa hospitali ya misheni ya kule Unyakyusa anatafuta msichana wa kusaidia wodini: kuosha vyombo, kugawa dawa, kusoma majina kwenye chupa. Misheni ilikuwa tayari kumchukua mfungwa mmoja kijana mwenye tabia njema, amalizie kifungo chake chini ya ulinzi wa Sista, kisha abaki pale kazini na kujifunza. Sharti lilikuwa moja. Asome vizuri, na asome mbele yao.

Niliwatangazia darasani. Zaina alisema yeye asipewe kazi ya chupa, kwa faida ya kila mtu. Wengine walinong'ona. Tusekile aliacha kuchagua maharage. Mkono ulibaki juu ya ungo.

Baadaye nilielewa kwa nini. Kifungo chake kinakaribia mwisho, na mwisho huo hauna mlango mwingine isipokuwa wa mumewe. Baba yake hataki kurudisha ng'ombe wa mahari. Mume hajamwacha. Amemtumia salamu kupitia watu wa soko, kwamba mkono wake umepona na anamsubiri.

Jumatatu ya wiki hii nilimbakisha baada ya wenzake kwenda kisimani. Zaina naye alibaki, kwa kuwa ungo wake haujaisha, au ndivyo alivyodai. Nilimweleza Tusekile kwa upole kuwa nataka aende yeye hospitali, sina mwingine, lakini mtu asiyeweza mba atashindwa katika ukurasa wowote watakaofungua. Nyumba, shamba, mbali, mbaya, simba, chumba: nikamhesabia. Kila neno nililotaja aliinamisha kichwa zaidi, kama mtu anayenyeshewa.

Nikamwuliza, ni nini?

Akafikiri. Kisha akavuta sileti yangu na kalamu ya jiwe, akageuka kidogo ili Zaina asione, akaandika neno moja. Mwandiko mzuri, herufi zimesimama sawa. Alinionyesha kwa muda wa kuvuta pumzi tu, akalifuta kwa upindo wa gauni lake la jela, akalifuta tena pale palipokuwa tayari peusi.

Lilikuwa jina la mtu. Lilianza na mba. Sitaliandika hapa.

"Ni baba yake mume wangu," alisema.

Nieleze, kwa ajili ya yeyote atakayekuta shajara hii naye ni wa mahali pengine. Kwa Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa hamwoni baba mkwe. Simaanishi kuwa anamheshimu tu, kama kwetu Ubena na Uhehe. Hamtazami, hakai naye mahali pamoja, akisikia anakuja hutoka njiani akajificha majanini mpaka apite. Na jina la mkwe huyo halitoki kinywani mwa mwanamke, wala maneno mengine yanayofanana na jina hilo kwa sauti. Wanawake wa kule wana maneno yao ya pembeni ya kutumia mahali pa hayo. Kila mke ana ya kwake, kwa kuwa kila mke ana mkwe wake.

Haya niliwahi kuyasikia. Mtu haishi Mbeya bila kuyasikia. Lakini sikuwahi kuyaweka karibu na ubao, kwa sababu maisha yangu yote nilisomesha wasichana ambao hawajaolewa. Mabinti wa bweni hawana wakwe. Walitamka nyumba na shamba siku nzima bila kumkosea mtu.

Kumbe ndiyo sababu kila alipotaka kusema "kwamba" alisema "kuwa". Nilikuwa nikifikiri anapenda Kiswahili kizuri.

Zaina alikuwa akitusikiliza, bila shaka. Akasema taratibu, bila utani safari hii, "Si nilikuambia, Bibi?"

Alikuwa ameniambia.

Hapo niliona jambo ambalo hata mwalimu wa mwaka wa kwanza angeliona. Ili mtu aseme makao mahali palipoandikwa nyumba, lazima kwanza awe amesoma nyumba. Ili aruke mba na kuanza na mbe, lazima aijue mba kabla haijamfikia, kama anayeruka shimo kwa kuwa analiona. Wale wanaobuni hukosea popote. Yeye alikosea mahali pamoja tu, na hakuwahi kupita pale kwa bahati mbaya hata mara moja.

Alikuwa anasoma kuliko wote. Ni mimi niliyekuwa nasikiliza bila kutazama.

Hata hivyo nilijaribu kumshawishi, na sioni sababu ya kuficha. Mimi ni Mkristo, naye amebatizwa. Nilimwambia kuwa neno lililo kitabuni si mtu, kwamba shamba ni shamba, na Mungu hatamhesabia kosa kwa kutamka jina la mahali pa kulimia. Nikamwambia pia kuwa mume mwenyewe ndiye aliyemfikisha jela, basi heshima hii anampa nani?

Akanijibu, na hii nitaiandika kama alivyosema:

"Mama, siku ya kesi ndugu wote wa mume wangu walisema mimi ni mkorofi. Yule mzee alikuja. Hakuingia mahakamani kwa sababu mimi nilikuwa ndani. Alisimama nje, akaupa ukuta mgongo, akasema kwa sauti watu wote wasikie kuwa mwanawe hunipiga na yeye mwenyewe amemkanya bila kusikilizwa. Sijawahi kumwona uso. Sauti yake niliisikia siku ile tu. Sasa mimi nikishapata kusoma, kitu cha kwanza nimvunjie heshima?"

Nilimwambia aende kisimani.

Usiku nilitafuta ukurasa usio na mba. Jamani, jaribuni. Kitabu kizima cha kusomea ni nyumba na shamba, kana kwamba waliokiandika hawakuwahi kutoka uani. Mwishowe nilipata habari ya kondoo na mchungaji wake, safi kabisa. Jana nilimwendea karani wa jela, kijana wa Kikinga mwenye kalamu mbili mfukoni, nikamwomba ukurasa wa leo uwe ule. Akasema hakuna tatizo, Mwalimu. Nikarudi nyumbani nimeridhika. Mke wa mwanangu aliniuliza kwa nini sijasahihisha chochote.

Leo sasa.

Tuliitwa ofisini saa nne, baridi ikiwa bado kali. Bwana Jela alikuwa nyuma ya meza. Sista, mwanamke mzee kama mimi mwenye viatu vya matope, alikaa karibu na mlango. Karani alikaa kwenye kona ya ndani kabisa, na kitabu. Tusekile alisimama katikati, miguu pekupeku sakafuni. Mimi nilipewa benchi. Karani alimfungulia Bwana Jela ukurasa wa kondoo kama tulivyokubaliana, na Bwana Jela, kwa haki tu, bila nia mbaya yoyote, akasema huo huenda amekariri, akafungua mwingine.

Niliuona kutoka kwenye benchi, kwa sababu picha yake naijua. Mwanamke na jembe.

Uliandikwa hivi: "Shamba letu liko mbali na nyumba. Kila asubuhi mama huchukua jembe na mbegu."

Tusekile alitazama. Ofisi yote ilimngoja. Kisha akasoma kwa sauti ya wazi, ile ile ya darasani: "Konde letu haliko karibu na makao. Kila asubuhi mama huchukua jembe na mbegu."

Karani alikuwa amekuja kando yake, kidole chake kikifuata mstari. Kilisimama kwenye neno la kwanza. "Amekosea, Bwana," alisema. "Hayo hayakuandikwa hapa." Hakusema kwa ubaya. Ni kweli hayakuandikwa.

Bwana Jela akafunga kitabu, na karani akarudi kwenye kona yake. Sista akaanza kuvuta mkoba wake.

Nikasimama bila kuitwa. Nilieleza kama nilivyoeleza hapa juu, labda kwa urefu zaidi, maana nikianza kueleza sijui kuacha. Bwana Jela alisikiliza vizuri. Aliniuliza kama neno shamba binti analijua. Nikasema analijua. Akamgeukia Tusekile, akamwomba alitamke mara moja tu, ili aandike kuwa amelitamka, na mambo yaishe.

Tusekile alitazama sakafu. Nilijua wakati ule, na naandika bila kujisifu, kwamba sikutaka alitamke. Nilitaka aende hospitali, na sikutaka alitamke, na sikuona njia ya kupata yote mawili.

"Siwezi, Bwana," alisema.

Bwana Jela aliniambia kwa upole kuwa hospitalini kuna mambo mengi mtu hapendi kuyasema lakini lazima ayaseme. Sista hakukubali wala hakukataa. Alikuwa amesimama tayari.

Ndipo nikamwomba Sista penseli yake. Nilimwambia, andika wewe mwenyewe chochote unachotaka afanye, hata mimi usinionyeshe. Usimwombe mdomo. Mpe karatasi.

Wazo lile sikuja nalo kutoka nyumbani. Lilinijia pale pale. Maisha yangu yote sijawahi kumpima mtu kwa njia hiyo, na wamisionari walionisomesha wangeiita uvivu.

Sista alifikiri kidogo, akaandika nyuma ya bahasha, akampa. Tusekile akasoma. Nilimtazama akisoma mdomo umefungwa, macho yakienda na kurudi, na nikaona kuwa uso wa mtu anayesoma kimya ni uso wa mtu anayesikiliza. Akaweka bahasha mezani, akatoka nje. Askari wa kike akamfuata.

Alichelewa. Bwana Jela alitazama dirishani. Karani alisema labda amekwenda kulia, na mimi nilifikiri hivyo hivyo.

Mlango ukafunguliwa. Tusekile aliingia amebeba beseni dogo la bati lenye maji nusu. Akampita Sista, akanipita mimi, akaizunguka meza ya Bwana Jela, akaenda kusimama mbele ya karani kwenye ile kona, beseni mikononi. Karani alimtazama, akalitazama beseni, akatutazama sisi. Kisha, kwa kuwa amelelewa vizuri, akaanza kunawa mikono.

Sista alicheka mpaka akakaa. Akachukua bahasha na kumpa karani, naye akaisoma kwa sauti, mikono ikidondosha maji: "Nenda chumba cha kufulia. Chukua beseni dogo, acha kubwa. Tia maji nusu. Simama mbele ya mtu aliyekaa mbali kuliko wote na mlango." Alipofika kwenye mbali, sauti yake ilishuka yenyewe. Alimtazama Tusekile kana kwamba anaomba radhi.

Bwana Jela alisema sharti linasema "kusoma", halisemi "kwa sauti". Nadhani alifurahi kuliona hilo.

Sista alikuwa na swali moja, na lilikuwa swali la mtu wa kazi. Je, akija mgonjwa mwenye jina lile? Tusekile alikuwa na jibu tayari, kama mtu aliyeishi na swali hilo kwa muda mrefu. "Wazee wote nitawaita baba, Sista. Chupa nitazisoma kwa macho."

"Chupa hazina masikio," alisema Sista, na akatia sahihi.

Ataondoka na lori la hospitali Jumamosi asubuhi. Habari ilifika bandani tunaposomea kabla yetu, kama inavyokuwa jela. Wenzake walimshangilia kwa sauti ndogo, maana kelele haziruhusiwi, wakampigapiga mgongoni kwa mikono yenye vumbi la maharage. Zaina alimkumbatia, kisha akanilalamikia kuwa dunia haina haki: mwenzake amefaulu kwa kunyamaza, na yeye yuko jela kwa kusema. Nikamwambia ajifunze kwa mwenzake. "Nimechelewa, Bibi," alisema, "mdomo wangu haukupata mchumba."

Tusekile hakunishukuru kwa maneno mengi. Alinipigia goti kama wanavyofanya kwao, akaendelea kuchagua maharage hadi saa ikaisha. Sijui kama atakuwa salama. Hospitali si mbali sana na kwa mumewe, na mume anayesubiri anaweza pia kutembea. Sista anasema lango lao lina mlinzi. Nimeandika hivyo kwa kuwa ndivyo alivyosema, wala sijui zaidi ya hapo.

Nimekaa na jambo moja jioni hii, wakati wajukuu wanagombea nafasi karibu na moto. Siwezi kuiacha njia yangu ya zamani. Imewafikisha wengi mahali. Lakini kuanzia sasa nitatazama pia. Mdomo ni ushahidi, lakini si ushahidi pekee, na mahakama isiyosikiliza shahidi wa pili ina haraka mno.

Wiki ijayo analetwa msichana mpya. Askari ameniambia ni wa huko huko bondeni, naye ameolewa. Nimepanga kumwuliza siku ya kwanza, kabla ya a na e, ni maneno yapi nisimtake ayatamke.

Kisha nimekumbuka kuwa hataweza kunijibu, kwa sababu kunijibu ni kuyatamka. Itabidi kwanza nimfundishe kuandika, ndipo aweze kunionyesha ni wapi nimekuwa nikimkosea.